Safura: chuma kinaingia, damu inatoka

Mama anaambiwa damu imepungua, anapewa vidonge vya madini ya chuma, anameza mwezi mzima na rangi inarudi kidogo. Baada ya miezi minne yuko palepale: viganja vyeupe, moyo unamwenda mbio akipanda kilima kidogo tu, hamu ya kula udongo haimwachi. Akiwa ni mtu wa kulima pekupeku, tunafikiria safura kwanza.

Mnyoo wa safura ana urefu wa takribani sentimita 1, mwembamba kama uzi. Huuma ukuta wa utumbo mwembamba na kunyonya, kisha huhamia pengine na kuacha kidonda kinavuja, kwa sababu mate yake huzuia damu kuganda. Wako wa aina mbili. Nekata mmoja hupoteza takribani mililita 0.03 za damu kwa siku. Ankilostoma mmoja hufika 0.15. Wakiwa 100 wa aina hii ya pili, ni mililita 15, kijiko kizima cha chakula, kila siku ya Mungu. Kinyesi hakionyeshi wekundu wowote, basi mgonjwa hana la kumshtua.

Njia yao kuu ni ngozi. Mayai hutoka na kinyesi na kuanguliwa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli ndani ya siku 1 au 2. Siku 5 hadi 10 zikipita, kijinyoo kiko tayari kutoboa ngozi, mara nyingi katikati ya vidole vya miguu, palepale panapowasha. Kandambili hazitoshi migombani. Tope hupanda juu ya unyayo. Vaa buti.

Majibu ya "hakuna minyoo" yasikupumbaze. Kioo cha kupimia kinyesi kwa hadubini, kinachotengenezwa kwa gliserini, kikisomwa baada ya saa 1, mayai ya safura huwa yameshafifia yasionekane. Peleka kinyesi kibichi, si cha jana.

Dawa ni albendazo miligramu 400 mara moja; mtoto wa miezi 12 hadi 23 hupewa 200. Dozi moja ya mebendazo huwaondoa minyoo hawa kwa udhaifu. Mjamzito asimeze dawa hizi za minyoo miezi mitatu ya kwanza. Lakini kuua minyoo hakurudishi damu iliyokwisha kunyonywa, kwa hiyo vidonge vya chuma viendelee hadi miezi 3 baada ya kipimo cha damu kuwa sawa, ili akiba ijae. Usivimeze na chai. Meza kwa maji, na chungwa likiwepo ni bora. Choo kitakuwa cheusi, ni chuma hicho.

Himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikiwa chini ya gramu 7 kwa desilita, miguu ikivimba au pumzi ikikatika mtu akiwa ameketi, hospitali siku hiyohiyo. Kwa wengine, pima tena baada ya wiki 4. Isipopanda hata gramu 1 na dawa zimemezwa kweli, tafuta kingine: malaria, kichocho, selimundu au hedhi nyingi.