Viwavi wa Anthwerrke sio ndoto jamani

Jana tena. Mgeni katoka Nairobi, tumesimama kwenye korongo la Anthwerrke, kama kilomita 10 mashariki ya Alice Springs, katikati ya Australia, anaangalia michoro ukutani anasema "kumbe hawa watu waliota viwavi wakawachora". Nimeisikia hii mpaka nimechoka.

Waarrernte, wenyeji wa asili wa hapa, habari hii ya viwavi wanaiita Altyerre. Mwaka 1896 Frank Gillen, mkuu wa kituo cha telegrafu hapa, alichapisha tafsiri yake ya Kiingereza, "nyakati za ndoto", na sisi tukaibeba hivyohivyo. Neno lenyewe linagusana na kuota kweli, sikatai, ila Altyerre ni vile nchi ilivyoumbwa, ni sheria, ni nani ana haki ya kusimamia wapi, na haijaisha, sio ya hapo zamani za kale. Nimehangaika na Kiswahili: mizimu inapotosha, mila ni ndogo mno, asili inakaribia lakini sheria inabaki nje. Basi nasema Altyerre.



Viwavi ni wa aina tatu, Yeperenye, Ntyarlke na Utnerrengatye, ndio walioumba milima ya Mparntwe, yaani Alice Springs hii hii. Ukutani utaona mistari imesimama wima, myekundu na myeupe. Kwetu ukitaja viwavi mkulima anawaza dawa ya kupuliza, lakini hebu sikiliza jina: Yeperenye ni "wa ayepe", na ayepe ni mmea unaotambaa chini, unanata, na kiwavi mwenyewe ndio anaula, mvua ikinyesha vizuri unawakuta hapo hapo juu yake wanatafuna. Jina moja limebeba mdudu, chakula chake na mahali, halafu mtu ananiambia ndoto!

Kuna habari za pale ambazo sio zangu kusimulia, wenyewe ndio wana ruhusa, mimi nasema yale waliyoyaweka wazi tu. Na siku nikiwa na kundi kubwa linapiga kelele huwa najiuliza kama hata kuwaleta ni sawa, sijapata jibu.

Yule mgeni alishanyoosha kidole aguse rangi, nikamshika mkono. Akanyamaza, kisha akauliza, sasa mwenye mahali hapa ni nani? Tukakaa kwenye mchanga wa mto mkavu nusu saa nzima.