Mchicha wa Januari: hema dogo la kuoteshea mboga ndani ya nyumba, Minnesota

Ikifika Novemba, Waswahili wenzangu wa Minneapolis na St. Paul huanza kuniuliza: "Bwana shamba, vile vihema vya kuoteshea mimea ndani vinatoa mchicha kweli?" Vinatoa. Nimesomea kilimo cha mboga na kazi yangu ya kila siku ni kwenye kitalu nyumba, na nyumbani nina hema la sentimita 60 kwa 60, urefu mita moja na nusu kasoro, limekaa pembeni mwa chumba cha chini. Ila wengi wanaponunua hufikiri wananunua joto. Joto unalo tayari, hita inakuunguruma usiku kucha. Unachokosa ni mwanga, na ukishapata mwanga utagundua unakosa hewa.

Mwishoni mwa Desemba urefu wa mchana wa hapa hautimizi hata saa 9. Dar es Salaam siku fupi kuliko zote ina saa 11 na dakika 40 hivi. Lakini urefu wa mchana ni nusu ya habari tu, kwa sababu jua lenyewe linapita chini, dhaifu, na mawingu juu yake. Sisi wa fani tunahesabu jumla ya mwanga unaoangukia mita moja ya mraba kwa siku nzima, kwa moli, yaani kipimo cha wingi wa chembe za mwanga. Mboga za majani zinataka moli 12 hadi 17. Nje ya dirisha lako mwezi Desemba hata 10 ni shida, na kioo kinapunguza tena. Ndiyo maana mchicha wa dirishani unarefuka, unapauka na kuanguka kabla haujafikisha jani la nne.

Sasa taa. Duka litakuuzia LED ya wati 100 kwa hema hilo na kukuambia ni ndogo. Si ndogo. LED nzuri hutoa takriban maikromoli 2.5 (maikromoli ni sehemu ya milioni ya moli) kwa kila juli ya umeme, yaani wati moja kwa sekunde moja; ukiipunguza hadi wati 50, ukatoa na kinachopotea ukutani, mimea inapata kama maikromoli 280 kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Iwashe saa 16 kwa siku, hesabu inakupa moli 16. Imetosha. Kwenye bili ni yuniti 24 kwa mwezi. Kama unalipa senti 15 kwa yuniti, ni dola 3 na senti 60. Wati zilizobaki waachie pilipili, ambazo zinataka moli 20 na zaidi.

Hizo saa 16 zina faida nyingine ambayo wauza mahema hawaisemi. Aina nyingi za mchicha hukimbilia kutoa maua siku zinapokuwa fupi. Ukiwasha taa kwa muda wa saa 10 au 11 tu kwa siku utapata mashuke ya mbegu badala ya majani. Weka taima, usitegemee kukumbuka.

Ushauri mwingi unaouzwa pamoja na haya mahema uliandikwa kwa ajili ya wakulima wa bangi, na kwa sheria ya Minnesota tangu Agosti 2023 mtu wa miaka 21 au zaidi anaruhusiwa kupanda mimea michache ya bangi nyumbani, kwa hiyo jirani akiuliza usishtuke. Wao wanahitaji chujio la mkaa la kuua harufu. Mchicha haunuki. Acha chujio dukani, chukua feni.

Feni ndiyo roho ya hema. Ya kunyonya hewa, kipenyo cha sentimita 10, ifungwe juu. Tundu la chini liachwe wazi. Hema hili lina hewa nusu mita ya ujazo, na kuibadilisha yote mara moja kwa dakika ni kazi ndogo sana kwa feni hiyo, kwa hiyo iendeshe kwa kasi ya chini kabisa. Ukitaka kujua kama umefunga sawasawa, funga zipu zote utazame kuta: zinabonyea kidogo kuelekea ndani. Zikituna kwa nje, feni imegeuzwa, inasukuma badala ya kuvuta. Ndani weka kifeni kingine kidogo cha kutikisa majani. Hewa ikisimama, kaboni dioksidi inapungua karibu na majani na ukungu unashika shingo za miche. Asubuhi unaikuta imelala, shina limesinyaa usawa wa udongo.

Upande wa pili, nyumba yenye hita Januari ina unyevu wa asilimia 20 au 30, na feni kali itauingiza ukavu huo wote ndani. Ninalenga 50 hadi 65. Kipimo kidogo cha joto na unyevu kining'inizwe usawa wa majani. Kikiwa juu karibu na taa kitakudanganya.

Trei za kawaida za hapa, sentimita 28 kwa 54, mbili zinaingia bega kwa bega. Tumia udongo wa mfuko wenye perlaiti (vile vipunje vyeupe vyepesi vya kupitisha hewa), si udongo wa bustanini. Mbegu za mchicha nyunyiza juu, funika kiduchu tu. Mgagani ni kinyume: mwanga unazizuia mbegu zake kuota, hivyo zifukie, funika trei kwa kitu cheusi, weka mkeka wa joto chini hadi zichomoze. Sukuma wiki sikushauri. Inapenda baridi, na dukani ipo.

Maji tia chini ya trei, usimwagie juu. Udongo wa juu ukilowa kila wakati wanakuja vijinzi vyeusi ambavyo mabuu wao hula mizizi michanga. Kadi za njano zenye gundi hunasa wanaoruka. Mabuu waue kwa Bti, bakteria yule yule anayetumika dhidi ya viluwiluwi vya mbu na anayetengenezwa kwenye kiwanda cha Kibaha. Na kama nyumba yako ina mashine ya kulainisha maji kwa chumvi, usinyweshee maji hayo, chota kwenye bomba lisilopitia mashine.

Umeme nausisitiza kuliko yote. Ekstensheni isikae sakafuni, ifunge juu ukutani. Kila waya ushuke chini ya usawa wa soketi kwanza ndipo upande kuingia, ili maji yakitiririka yadondoke kabla ya kufika.

Mchicha unaukata kuanzia wiki ya nne hivi, ukiacha kisiki chenye majani mawili kichipue tena. Usitegemee kulisha familia. Ni mboga ya mara moja moja, ya kunogesha ugali. Katikati ya Machi utoe, upishe miche ya pilipili mbuzi. Hiyo inaota taratibu, wiki mbili hadi tatu, na inataka udongo wa nyuzi 25 au zaidi. Itatoka nje baada ya katikati ya Mei, baridi kali ikiisha, na uizoeshe nje wiki nzima kwanza: siku za mwanzo kivulini, usiku irudi ndani.