Kurekodi besi "laini" maana yake nini, na kwa nini nyumbani ndiyo njia ya kuanza nayo

Mtu akikwambia "hiyo besi tumeipiga laini", anamaanisha kwamba gita la besi halikupitia kwenye spika yoyote. Waya umetoka kwenye gita ukaingia kwenye saundi kadi, saundi kadi ikapeleka kwenye kompyuta, basi. Hakuna amplifaya iliyonguruma, hakuna maiki iliyosimamishwa mbele yake. Laini hapa haihusiani na ulaini wa sauti. Ni ile laini ya waya. Kinachorekodiwa ni umeme wenyewe unaotoka kwenye gita, kabla haujageuka kuwa sauti ya hewani.

Nimewasikia wengi wanaoanza wakilisema jambo hili kwa unyonge, kana kwamba kupiga laini ni shida ya asiye na amplifaya, na siku akipata hela ndipo atarekodi kikwelikweli. Wazo hilo liondoke mapema. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit miaka ya 1960, alirekodiwa hivyo hivyo: besi yake ya aina ya Fender Precision ilichomekwa kwenye mitambo ya studio bila maiki. Mpaka leo wapiga besi wanakaa na hedifoni wakizichambua noti zake moja moja. Hakuna anayelalamika kwamba amplifaya haisikiki.

Sababu kubwa ya kupenda laini nyumbani ni chumba chenyewe, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu watu wengi hulaumu gita, wengine wakalaumu vidole vyao, kumbe kosa ni la kuta.

Uzi mnene kabisa wa besi ya nyuzi nne, ule wa E, ukiupiga bila kuubana unatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Sauti husafiri hewani mita 343 hivi kwa sekunde. Gawanya, utaona kwamba wimbi moja la noti hiyo lina urefu wa mita 8 na ushei. Chumba ninachorekodia mimi kina upana wa mita 3 na urefu wa mita 3.5. Wimbi la mita 8 humo ndani halina pa kujinyoosha: linagonga ukuta, linarudi, linakutana na jingine linalokuja. Mahali pengine yanaongezana, mahali pengine yanauana. Kuta zinazotazamana kwa umbali wa mita 3 zinavimbisha sauti zilizo karibu na mitetemo 57 kwa sekunde, na zile za umbali wa mita 3.5 zinavimbisha karibu na 49. Kwa lugha ya besi, chumba changu kinapendelea A na G za chini. Nikiweka maiki mbele ya amplifaya humo, G ya freti ya tatu (kile kijiti cha chuma cha tatu shingoni) inatoka kama inataka kubomoa mlango, halafu noti nyingine, iliyopigwa kwa nguvu ile ile, inasikika kama imepigwa chumba cha jirani.

Kuna anayefikiria atatundika godoro ukutani. Godoro linasaidia kwa mwimbaji, linapunguza mwangwi wa sauti za juu. Kwa wimbi la mita 8 halina tofauti na pazia.

Ukipiga laini, chumba hakimo kabisa kwenye rekodi. Watoto wakilia, mvua ikipiga bati, muuza maji akipita na mkokoteni, besi haijui. Unaweza kurekodi saa saba usiku na mwenye nyumba asisikie ila mgongano wa kucha zako na nyuzi.

Lakini laini ina sharti lake, nalo linahitaji neno moja gumu, impedansi, na nalieleza kwa kosa lililonigharimu mimi mwenyewe. Nilipoanza nilikuwa na mixa ndogo ya mitumba. Nilichomeka besi kwenye tundu lililoandikwa LINE, jeki ikaingia vizuri, sauti ikatoka. Lakini ilikuwa sauti iliyozibwa, kama mtu anaongea na shuka usoni. Nikanunua nyuzi mpya. Nikabadilisha waya. Shuka likabaki usoni. Gita halikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa tundu.

Chini ya nyuzi za gita kuna pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba mizunguko maelfu. Uzi ukitetemeka juu ya sumaku, umeme kidogo sana unazaliwa kwenye waya ule. Ni umeme wenye msukumo lakini usio na wingi, sawa na kisima chenye maji matamu yanayotoka taratibu. Ukileta mtu mwenye kikombe, kisima kinamtosha. Ukileta lori la maji, kinakauka. Impedansi ya tundu inakueleza tundu hilo lina kiu kiasi gani: namba ikiwa kubwa, kiu ni ndogo. Tundu la maiki mara nyingi lina omu (ndicho kipimo chake) 1,500 hadi 3,000. Tundu la LINE lina kama omu 10,000 hadi 20,000. Gita la besi lisilo na betri linataka tundu la omu 1,000,000 hivi. Ukilipeleka kwenye tundu lenye kiu, sauti inapungua, na zinazotangulia kufa ni zile za juu, zile zinazobeba mguso wa kidole na mlio wa chuma. Ndilo lile shuka.

Ndiyo maana saundi kadi nyingi za siku hizi zina kitufe kilichoandikwa INST (yaani ala), au Hi-Z (impedansi kubwa), au kimechorwa kigita kidogo. Kibonye kabla ya kitu kingine chochote. Kama besi yako inatumia betri ya volti 9, ndani mna kikuza sauti chake, kwa hiyo haihangaiki sana na tundu. Hata hivyo kitufe hicho bado ndicho mahali pake pa kuanzia.

Kile kisanduku kinachoitwa DI, unachokiona miguuni mwa mpiga besi jukwaani, kinafanya kazi hiyo hiyo: upande mmoja kinapokea gita kwa impedansi kubwa, upande wa pili kinatoa sauti inayoweza kusafiri kwenye waya mrefu wa maiki hadi kwenye mixa bila kuokota makelele njiani. Nyumbani, kama saundi kadi yako ina INST na waya wako ni wa mita tatu, hela ya DI inunulie nyuzi.

Makelele nayo yana hadithi yake. Umeme wetu wa nyumbani Afrika Mashariki ni wa mitetemo 50 kwa sekunde, na noti ya G ya chini ni 49. Kwa hiyo ule mvumo wa umeme unakaa katikati ya muziki wako, na huwezi kuuchuja bila kuikata na besi yenyewe. Uondoe kabla ya kurekodi. Jaribio la kwanza: chomoa chaja ya laptopu, tumia betri. Mara nyingi zile kelele zenye mchakacho huisha hapo hapo, na wimbo wa dakika nne betri inauweza. Jaribio la pili: geuka na gita lako, robo mzunguko kwa robo, usogee mbali na skrini na adapta. Pikapu inanasa mvumo kama antena, na kuna upande ambao inatulia. Kama besi yako ni ya mtindo wa Jazz (aina nyingine ya Fender), yenye pikapu mbili zenye koili moja moja, fungua vitufe vyote viwili vya sauti hadi mwisho, maana pikapu hizo kwa kawaida zimetengenezwa zifutiane mvumo zikiwa sawa. Pikapu ya Precision iliyokatwa vipande viwili, inayotumika tangu 1957, inafanya hivyo yenyewe. Na tafadhali, pini ya ethi kwenye plagi usiikate hata kama mtu atakuapia kwamba mvumo utaondoka. Una chuma mikononi.

Geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia, ni fupi kuieleza. Weka programu yako ya kurekodi kwenye biti 24 (kipimo cha undani wa rekodi), piga noti yako ya nguvu kuliko zote, ile ya kibwagizo ukiwa umepandwa na mori, kisha rekebisha kitufe hadi mshale usipite desibeli -10 hivi. Sifuri ndiyo dari. Ukiigonga, sauti inapasuka, na iliyopasuka hairudi. Wengi wanaongeza geini kwa sababu mchoro kwenye skrini unaonekana mdogo. Uache uwe mdogo. Biti 24 zina nafasi ya kutosha huko chini, na utaipandisha baadaye bila hasara ya maana.

Kama unajisikia ukichelewa, unapiga sasa halafu noti inakuja sikioni baadaye, tafuta kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja kwenye saundi kadi, au punguza bafa, yaani sampuli za sauti ambazo kompyuta inazikusanya kabla ya kuzishughulikia, kwenye programu hadi 128. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, hiyo ni chini ya milisekunde 3 kuingia, na karibu hivyo hivyo tena kutoka.

Sasa lile linalowavunja watu moyo. Juzi kijana mmoja wa mtaani alikuja na besi yake, akachomeka, akapiga vipande vinne vya rumba, akavaa hedifoni kusikiliza. Uso ukamshuka.

"Kaka, mbona imekauka hivi?"

Alikuwa anaisikiliza peke yake. Besi laini ikiwa peke yake ni kavu kweli, ina mifupa mitupu. Nikamfungulia ngoma na gita la rithimu, nikamwambia asikilize tena bila kugusa kitu. Ile besi kavu ikakaa mahali pake pale chini, ikishikana na ile ngoma kubwa ya mguu. Lakini kulikuwa na kasoro nyingine ambayo sasa ilisikika wazi: noti zake zilikuwa hazinyamazi. Kila moja iliendelea kuvuma ndani ya inayofuata, na rumba inaishi kwa zile nafasi ambazo besi imenyamaza.

Nikachukua sponji ya kuoshea vyombo, nikakata kipande chenye unene wa kidole, nikakisukuma chini ya nyuzi karibu kabisa na pale zinapofungwa kwenye mwili wa gita. Kiguse nyuzi tu, kisizisukume juu. Akapiga vipande vile vile. Kila noti ikatoka nene, ikasema, ikakata. Besi za zamani za Fender zilitoka kiwandani na sponji ya namna hiyo chini ya kifuniko cha chuma, kwa hiyo kipande changu cha jikoni kina ukoo wa heshima. Kijana akarudia mara tatu, na ya tatu ndiyo tuliyoiweka.

Hapa ndipo laini inapokuwa mwalimu. Amplifaya kubwa inaficha. Laini inaonyesha kidole kilichoteleza, uzi uliokuwa chini kidogo ya noti, mkono wa kushoto ulioachia mapema. Pasha gita moto kwa dakika kumi, litune, rekodi, litune tena. Jaribu kupiga karibu na shingo, halafu karibu na mwisho wa nyuzi. Hizo ni sauti mbili tofauti kabisa, na hakuna plagini (programu ndogo ya kubadilisha sauti) itakayokupa moja ukiwa umerekodi nyingine. Kama wimbo ni wa benga, ambako besi inakimbia mbio na kujibizana na gita la solo, mimi husogea nyuma kuelekea mwisho wa nyuzi ili kila noti ikatike vizuri. Kwa wimbo wa taratibu narudi shingoni.

Trek ya laini, yaani ile besi iliyorekodiwa, ikishapatikana, iwekee nakala isiyoguswa. Juu ya nakala nyingine unaweza kuweka plagini inayoiga amplifaya, ukaibadilisha hata mwaka ujao, kwa kuwa umeme wa awali bado unao. Ukija kupata amplifaya, unaweza hata kuitoa trek ile kwenye kompyuta, ukaipeleka kwenye amplifaya hiyo, ukaweka maiki mbele yake, na besi ikapigwa upya bila wewe kuishika. Kazi nyingine ni ndogo: kata vilivyo chini ya mitetemo 30, maana huko hakuna noti ya besi ya nyuzi nne, kuna mitikisiko tu, weka kompresa (ile inayoshusha noti zilizozidi) ya nne kwa moja, iguse zile noti zinazoruka peke yake.

Halafu cheza wimbo kwenye simu. Spika ya simu haiwezi kutoa mitetemo 41, haina mwili wa kuitoa. Lakini uzi wa E hautoi 41 peke yake. Unatoa pia 82, na 124, na 165, na sikio la mtu likizisikia hizo za juu linajaza ile ya chini ambayo haipo. Kama besi inapotea kwenye simu, usiongeze sauti za chini, utaharibu wimbo kwenye spika kubwa. Ongeza ukwaruzo kidogo, plagini yoyote ya kuchafua sauti, kwa kiasi ambacho ukisikiliza besi peke yake unausikia kwa mbali, na ukiweka ngoma huusikii tena. Kijana yule aliuweka wimbo kwenye simu yake, akaishika sikioni, akaanza kutikisa kichwa pale besi inapoingia.