Skwishi na kompresheni si kitu kimoja

Mwezi huu nimelisikia neno hili la mafundi mara ya tatu, safari hii kwenye gereji moja Mwanjelwa, Mbeya: "Ukipiga stroka kompresheni inapanda, kwa hiyo weka hedi gasketi nene upunguze skwishi." Kupiga stroka ni kufunga kranki inayorefusha mwendo wa pistoni; hedi gasketi ni ule wasa unaokaa kati ya silinda na hedi, kifuniko chake cha juu. Nusu ya kwanza ni kweli. Iliyobaki imepinduliwa.

Skwishi ni nafasi nyembamba kati ya ukingo wa pistoni na ubapa wa hedi, pistoni ikiwa juu kabisa. Basi. Kwenye injini nyingi za petroli hulengwa karibu milimita 1.

Neno ni la Kiingereza, linaiga sauti ya kitu laini kinachobinywa. Binya parachichi la Rungwe lililoiva kupita kiasi: nyama inachomoka pembeni kwa kasi. Hewa na petroli nazo hubinywa ukingoni zikatupwa kwenye plagi, zikavurugika na kuungua upesi, kabla hazijapata muda wa kujilipukia zenyewe. Skwishi, basi, ni mambo ya ukingoni. Kompresheni ni ya chumba kizima: ujazo pistoni ikiwa chini, gawanya kwa ujazo uliobaki ikiwa juu, ndio uwiano wake. (Wala si namba ya geji ya kupimia presha ya silinda. Hapa Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya bahari, geji husoma chini kuliko Dar es Salaam, na uwiano haujasogea hata chembe.)

Chukua silinda ya kipenyo cha milimita 86, mwendo 86, uwiano 10 kwa 1. Funga kranki ya mwendo wa 94, ujazo wa juu ukibaki uleule: unapata kama 10.8. Kuirudisha 10 kwa gasketi peke yake kunataka unene uongezeke karibu milimita 0.9. Namba imerudi, sawa, ila skwishi ya 1 imekuwa 1.9 na mbinyo umekufa. Gari litapanda Mlima Nyoka bila neno. Likishashuka Kitonga likakutana na hewa nzito ya pwani, na mzigo juu, injini inaanza kugonga, yaani mchanganyiko unajilipukia wenyewe, na lawama anabebeshwa muuza petroli.

Ujazo wa kushusha kompresheni utafute kwenye pistoni yenye bakuli kichwani. Gasketi huchaguliwa mwisho: laza waya laini wa risasi ukingoni mwa pistoni, funga hedi na gasketi kuukuu iliyokwisha kubanwa, zungusha kranki kwa mkono, kisha pima waya kwa maikromita.

Kwa hiyo, mdogo wangu, gasketi nene inapunguza kompresheni na kuongeza skwishi. Ukisema hivyo tutaelewana.