Je, wajua kwa nini taa za tela huunguza swichi ya breki ya pikipiki?

Ukifunga tela nyuma ya pikipiki, njia ya mkato ya taa inajulikana: chubua waya wa taa ya breki, sokotea wa tela juu yake, zungusha tepu nyeusi, safari. Na taa zinawaka kweli. Shida huja baadaye, pale taa ya breki inapokufa au fyuzi inapokatika kila ukikanyaga breki.

Piga hesabu kidogo. Balbu ya breki ya pikipiki kwa kawaida ni wati 21. Kwa umeme wa volti 12, inakula ampea 1.75. Tela ina balbu mbili za namna hiyo, yaani ampea 3.5 nyingine. Jumla ni 5.25, mara tatu ya mzigo wa awali, na zote zinapita kwenye kiswichi kidogo cha breki. Ncha zake zinapata moto, zinaungua. Flasha, kile kidude kinachopepesa indiketa, nayo ukiizidishia balbu, inaanza kupepesa ovyo.

Dawa ni rilei, kile kiboksi cheusi chenye miguu minne ambacho mafundi hukifunga kwenye honi za magari. Waya wa breki wa pikipiki unaingia mguu wenye namba 86, na mguu wa 85 unaenda hasi. Mguu wa 30 unapokea umeme wa betri, wa 87 unaupeleka kwenye tela. Hapo waya wa breki unatoa amri tu, kwa ampea kama 0.15, mzigo unabebwa na betri. Utahitaji rilei nne: ya breki, indiketa ya kushoto, ya kulia na taa za usiku. Fyuzi ya ampea 10 ikae jirani kabisa na betri, maana waya ulio kabla ya fyuzi hauna mlinzi: ukichubuka ukagusa fremu, unawaka moto.

Halafu kuna hasi, na hapa hata fundi mzuri huteleza. Wengi huiachia kiungo cha tela, chuma kwa chuma. Lakini pale pana grisi, rangi na kutu. Unawasha indiketa ya kushoto, taa zote za tela zinapepesa kwa mwanga wa kibatari: umeme umekosa njia ya kurudi, unapenyea kwenye balbu za jirani. Vuta waya wa hasi wa peke yake. Kwenye plagi ya tela ya pini 7 ni mweupe. Njano ni kushoto, kijani kulia, nyekundu breki. Tela iliyotoka Marekani usiiamini kwa rangi, kwani kule waya wa njano mara nyingi hubeba indiketa ya kushoto na breki kwa pamoja. Pima kwa testa kwanza.

Mwisho, pikipiki hulala kwenye kona, tela ya magurudumu mawili hailali. Acha waya ulegee kwenye kiungo, kisha kata usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, uone kama unavutika au unaburuza lami.