Nchi ya Anwani ya Intaneti Haijiandiki Yenyewe

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la usajili, hapa kwenye masijala ya anwani za intaneti, siku hizi yanafanana. Mtu hajatoka nchini kwake, lakini benki inamwona yuko ughaibuni na kumfungia akaunti. Mwingine amelipia mechi, kisha anaambiwa haionyeshwi katika nchi aliyopo. Wote wanatutaka tubadilishe nchi ya anwani yao ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa kwenye intaneti. Mara nyingi wanabisha mlango usio wake.

Tarakimu za anwani ya IP hazibebi nchi kama namba ya simu inavyobeba msimbo wake. IANA, chombo kinachosimamia akiba ya anwani duniani, hugawa mafungu makubwa ya anwani kwa masijala tano za kanda (AFRINIC, APNIC, ARIN, LACNIC na RIPE NCC), nazo huwagawia watoa huduma. Baada ya hapo mtoa huduma ndiye huamua ayatumie wapi. Msimbo wa nchi unaoonekana katika takwimu za ugawaji huonyesha shirika lililopewa anwani limesajiliwa nchi gani kisheria. Hauonyeshi simu yako iko wapi. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado tunaletewa picha za ukurasa wa usajili kama ushahidi kwamba masijala "imemhamisha" mtu.

Tatizo limekua kwa sababu anwani zenyewe zinahama. Akiba kuu ya IPv4, aina ya zamani ya anwani ambayo bado inatumika sana, ilimalizika Februari 2011, na tangu hapo mafungu huuzwa na kukodishwa. Fungu lililotumika miaka kumi katika bara moja linaweza kuhamia jingine ndani ya wiki, huku hifadhidata za kampuni zinazokadiria mahali, ambazo benki na warushaji wa mechi huzitegemea, zikishikilia habari za mmiliki wa zamani. Kampuni hizo hukisia: husoma rekodi za usajili, hupima muda wa majibu ya mtandao, hutazama majina ya ruta. Zisipojua, baadhi yao huweka nukta katikati ya nchi. Mwaka 2016 ilifichuka kwamba anwani zaidi ya milioni 600 za Marekani zilikuwa zimewekwa kwenye nukta moja huko Kansas, nyuzi 38 kaskazini na 97 magharibi. Nukta hiyo iliangukia shamba la watu. Kwa miaka mingi wakazi wake walifuatwa na polisi na watu wenye hasira, wakituhumiwa utapeli wasioujua. Anayedhani kosa la mahali ni usumbufu mdogo na aikumbuke familia ile.

Sasa utaratibu, na hapa nawaomba watoa huduma wasome polepole. Njia inayokubalika ni orodha ya mahali, yaani jiofidi, iliyowekewa muundo katika RFC 8805 (RFC ni waraka wa kanuni za kiufundi za intaneti) ya mwaka 2020. Ni faili la maandishi. Kila mstari una fungu la anwani, nchi, mkoa, mji na nafasi ya msimbo wa posta, vikitenganishwa kwa mkato, kwa mfano:

192.0.2.0/24,CH,,,

Msimbo wa nchi ni wa herufi mbili za ISO 3166. Uswisi ni CH. Uingereza ni GB, wala si UK. Austria ni AT, Australia ni AU, na mkanganyiko huo hutokea mara nyingi mno kwa kazi inayohitaji uangalifu wa dakika moja. Usipotaka fungu likadiriwe mahali, acha nafasi ya nchi wazi. Msimbo wa posta usijazwe kabisa: matumizi yake yameachwa kwa ajili ya faragha ya watu.

Faili liwekwe kwenye seva yako kwa HTTPS. Kisha rekodi ya fungu lako katika masijala ielekeze kwenye kiungo chake, kama inavyoelezwa katika RFC 9632 ya mwaka 2024. Mstari unaotaja anwani zilizo nje ya rekodi hiyo hupuuzwa, hivyo huwezi kumsemea jirani yako. Baada ya hapo subiri. Kila kampuni husasisha hifadhidata yake kwa ratiba yake, na mabadiliko huchukua siku kadhaa au wiki. Kutuandikia kila asubuhi hakuyaharakishi.

Kuhusu adhabu, tutofautishe mambo mawili. Kukosea mji kwenye orodha si uvunjaji wa mkataba kati ya mtoa huduma na masijala. Hasara yake ni kwamba kampuni za mahali zinaweza kuacha kuiamini orodha yako. Kutoa taarifa za uongo za usajili, au nyaraka za kughushi kuhusu shirika na anwani yake ya kisheria, ni suala jingine. Hilo linaweza kufikia kusitishwa kwa mkataba na kurejeshwa kwa anwani kwa masijala.

Mtumiaji wa kawaida aanze kwa kuzima VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano yake kwenye seva ya mahali pengine. Pia ajue kwamba simu iliyo safarini kwa laini ya nyumbani mara nyingi huonekana iko nyumbani, na hilo si kosa la kurekebishwa. Vinginevyo amwandikie mtoa huduma wake, akitaja anwani ya IP, tarehe, na nchi iliyoonekana kimakosa.

Na wewe mtoa huduma unayeuza fungu: ufute mstari wake kwenye orodha yako siku ile ile ya makabidhiano. Ukiuacha, mnunuzi ataanza kwa kupokea malalamiko ya wateja waliowekwa katika nchi yako.