“Ina wati ngapi?” na mengine yanayonichosha kuhusu vakyumu za ukutani

Mwezi huu nimeletewa vakyumu tatu, yaani mashine za kuvuta vumbi la karakana, zote kwa malalamiko yaleyale: “Fundi, mota imekufa, haivuti.” Ya mwisho ilikuja na kaka mmoja mwenye karakana ndogo nyuma ya nyumba. Nikafungua kifuniko: mota nzima, kaboni zinazopeleka umeme kwenye mota bado ndefu. Filta ndiyo ilikuwa imeshika ukoko wa vumbi la mninga, mgumu kama wa sufuria ya ugali. Nikaubandua kwa bisibisi, nikawasha, ikavuta. Bado akabisha: “Lakini hii ni ya wati 2,400, ilitakiwa ivute tu!”

Haya, tuelewane. Wati ni umeme unaoliwa na mashine. Kiasi gani cha umeme huo kinageuka kuwa mvuto, na kiasi gani kinaishia kuwa joto na kelele, hilo wati hazisemi. Vibaya zaidi ni zile zilizoandikwa “hospawa 6” kwenye boksi. Hospawa moja ni wati 746, kwa hiyo sita ni wati 4,476. Kwa umeme wetu wa volti 230 hizo ni zaidi ya ampea 19. Sasa geuza plagi uitazame: fyuzi ampea 13, yaani mwisho wati 2,990, hospawa nne basi. Hizo mbili nyingine zinapitia wapi? Namba ile ni ya kilele, na mota haifiki hapo ikiwa kazini. Imewekwa kwenye boksi ili ununue.

Halafu dukani mteja anaijaribu kwa kuziba mdomo wa mpira wa kuvutia kwa kiganja. Kiganja kinanasa, mashine inapiga mluzi, anatabasamu: “Hii ina nguvu!” Kumbe ukiziba hivyo hewa haipiti kabisa, na hewa isipopita hata filta iliyoganda haina cha kuzuia. Vakyumu ya yule kaka ingeshinda jaribio la kiganja bila shida. Huo mluzi nao unawadanganya wengi: feni haina hewa ya kusukuma, mota imepata mteremko, inazunguka kasi zaidi huku ikila umeme kidogo. Vumbi la msumeno linabebwa na hewa inayotembea. Kwa hiyo achilia mpira, mwaga konzi ya vumbi la mbao mezani, ushike mdomo wa mpira kama sentimita tano juu yake. Likiondoka, tuzungumze bei.

Maswali ya kumuuliza muuzaji ni haya: inapitisha lita ngapi za hewa kwa sekunde, mpira una upana gani, na filta ni kubwa kiasi gani. Mpira wa milimita 64 una tundu lenye eneo mara nne ya ule wa milimita 32, si mara mbili kama wengi wanavyodhani. Na kabla hujaongeza pesa kwa ajili ya wati, nunua saikloni ya plastiki uifunge juu ya ndoo ya rangi ya lita 20, katikati ya mpira na mashine. Vumbi zito linazunguka na kudondokea ndooni, filta inabaki na unga kidogo tu. Nawaambia hili hata wasioniuliza. Ndoo iwe ngumu lakini, maana mpira ukiziba, ndoo laini inabonyea kama chupa ya maji.

“Nipe yenye mpira mrefu kuliko zote.” Kila mita unayoongeza inakula mvuto. Funga mashine katikati ya ukuta mrefu, mpira mfupi utafika kote.

“Itatosha na mashine ya kuranda.” Haitoshi. Maranda yanataka hewa nyingi kupitia bomba la inchi nne, na hiyo ni mashine ya aina nyingine kabisa. Vakyumu ni ya mashine za mkononi: msasa, msumeno mdogo, rauta ya kuchonga mbao.

“Filta ni filta tu.” Vumbi la mbao liliwekwa na IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1995. Filta nyepesi inanasa lile unaloliona na kukurudishia usoni lile usiloliona. Kama unapiga msasa MDF (zile mbao za nyuzi zilizogandamizwa kwa gundi), tafuta mashine ya daraja M, ambayo hairuhusu hata asilimia 0.1 ya vumbi kupita. Barakoa uvae vilevile.

“Navutia na cheche za grenda.” Cheche ya moto ndani ya pipa la vumbi la mbao? Mzee, utachoma nyumba.

Na ukuta wenyewe. Wengine wanaamini mashine ikikaa ukutani inavuta kuliko ya sakafuni. Inakupa nafasi ya sakafu, basi. Kwenye tofali la matundu tumia fisha za matundu (vile vishika skrubu vinavyoingizwa ukutani), na upige hesabu ya uzito pipa likiwa limejaa: ukivutia maji, lita 15 ni kilo 15 juu ya uzito wa mashine. Kifuniko kiwe usawa wa kifua. Yule kaka wa mninga alikuwa ameifunga juu ya mlango ili isimsumbue, kila akitaka kumwaga anapanda stuli na vumbi linamshukia kichwani. Tangu Pasaka hakuwa ameifungua.